Usinunue hambaka kali ya gitaa kabla ya kushika bisibisi

Ndugu, umesema hambaka ya shingoni mwa gitaa lako la umeme (yaani pikapu, kinasa sauti cha nyuzi, yenye koili mbili) inatoa sauti nzito, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, na unataka kuweka iliyo kali zaidi, yaani yenye nguvu zaidi. Nakusihi, usinunue bado. Ishushe mbali na nyuzi, kidogo kidogo, kwa bisibisi, hasa upande wa nyuzi nene, huku ukipiga na kusikiliza. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Ikishindikana, badilisha, lakini si kwa iliyo kali. Ukali huo kwa kawaida hutokana na kuongeza mizunguko ya waya, na mizunguko ikizidi, sauti za juu hufifia. Utaongeza tatizo lile lile! Tafuta yenye ukinzani wa kiloomu 7 hadi 8 hivi. Namba hiyo haisemi yote, maana unene wa waya nao huibadilisha, ila ni pa kuanzia. Kwa sumaku, mimi ningechagua alniko 5 (alniko ni aloi ya kutengenezea sumaku), kwa kuwa besi yake hukaza kuliko ya alniko 2. Angalia pia potenshometa, yaani vidhibiti vya sauti na toni: za kiloomu 250 hufifisha sauti za juu za hambaka, weka za 500.

Kabla ya kuyeyusha risasi ya kuunganishia waya, piga picha waya zote. Rangi za waya hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo fuata mchoro wa pikapu uliyonunua. Ukiwasha pikapu mpya na ile nyingine ya gitaa pamoja na sauti ikawa nyembamba kama ya bati, badilishana waya mbili za koili za pikapu mpya. Waya wa ngao, unaozuia kelele, ubaki penye ardhi ya umeme (graundi).