Sahani ya Mashine ya Kufulia Iliyogoma Kutoka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo mashine ya kufulia ya mapipa mawili niliyoinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Siku hizi sahani ya plastiki iliyo chini ya pipa la kufulia inazunguka kwa shida na kukwaruza, na ninaamini kuna sarafu au pini iliyoingia chini yake. Skrubu ya katikati nimeifungua bila taabu, lakini sahani yenyewe haitoki. Jirani mmoja ananishauri niibanue kwa bisibisi, na mwingine anasema niimwagie petroli. Nifanye nini?
Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Mama, umefanya vyema kuuliza kwanza, kwa sababu mashauri yote mawili yangekugharimu zaidi ya hiyo sarafu. Bisibisi ikiibanua sahani upande mmoja, sahani huinama na kuzidi kukaza kwenye shafti, yaani mhimili unaoizungusha, na kwa kuwa plastiki ya zamani imeshakuwa kavu, kinachofuata ni ufa kwenye sahani au, vibaya zaidi, tundu kwenye sakafu ya pipa. Petroli nayo hula mpira wa sili unaozuia maji yasishukie kwenye mota, na mvuke wake ukibaki ndani ya mashine unaweza kuwaka kwa cheche ndogo tu ya swichi.

Kabla ya lolote, chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Ukilazimika kuilaza mashine na kufungua chini, usiguse kapasita iliyounganishwa na mota, kwa maana huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sasa tutazame kinachoishikilia sahani yako. Imekaa juu ya shafti ya chuma yenye meno, na kati ya meno hayo na tundu la sahani pana nafasi nyembamba ambamo maji huingia kila unapofua. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini ya magnesiamu kwa wingi na pH (kipimo cha uasidi au ualikali) inayokaribia 9, kwa hiyo yakikauka huacha ukoko mweupe, uleule unaouona ndani ya birika la chai. Ukifulia sabuni ya mche iliyopikwa kwa mawese, hali huwa nzito zaidi, kwa sababu sabuni ya namna hiyo ikikutana na magnesiamu hufanya utando wa kijivu usioyeyuka, ambao hushuka chini na kujikusanya hapohapo pamoja na nyuzi za nguo. Kutu ya shafti huja juu ya hayo yote. Ndiyo maana katika mashine ya Ujiji ningeshuku ukoko kwanza na kutu baadaye, na dawa ya ukoko ni siki, si nyundo.

Mwaga siki nyeupe kwenye tundu la skrubu hadi lijae, uiache saa kadhaa au usiku mmoja, kisha suuza. Usiiache siku nzima nzima, kwa maana asidi ikishamaliza ukoko huanza kula chuma. Tena, nakusihi sana, isikutane hata kidogo na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwa sababu viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu.

Baada ya kusuuza, mimina maji ya moto yasiyochemka hadi yaifunike sahani, subiri kama robo saa, kisha uyatoe. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma, hivyo tundu la sahani hulegea kidogo, na huo ndio wakati wa kuvuta. Pitisha kamba mbili imara za nailoni chini ya ukingo wa sahani, pande zinazotazamana. Kama sahani ina matundu, ndoano mbili za waya mnene zitafaa zaidi. Watu wawili wavute kwa pamoja, wima kabisa, huku wakiitikisa kidogo kushoto na kulia. Ikigoma, rudisha skrubu nusu tu, na kamba zikiwa zimevutwa, gonga kichwa cha skrubu taratibu ukiwa umeweka kipande cha mbao juu yake. Mapigo yawe mepesi, kwa kuwa nguvu yote hushuka kwenye beringi na giaboksi. Ikigoma bado, rudia siki na maji ya moto siku inayofuata. Mashine nyingi za zamani huharibiwa na mtu aliyetaka kumaliza jioni hiyohiyo. Matone machache ya mafuta ya kulegezea kutu yanaruhusiwa kwenye tundu la katikati, lakini mawese hapana, kwani huganda na kuongeza tatizo.

Sahani ikitoka, safisha meno kwa mswaki wa zamani, toa sarafu na nyuzi, kisha paka shafti grisi isiyoondolewa na maji. Meno ya ndani ya sahani yakiwa yamelika, beba sahani hiyohiyo dukani, kwa sababu idadi ya meno na upana wa tundu hutofautiana kati ya mashine na mashine.

SWALI: Yangu imekwama mapema zaidi: kichwa cha skrubu kimelika na bisibisi inateleza.
Msomaji wa Gungu, Kigoma

JIBU: Acha kuzungusha, kwa maana kila ukiteleza unakimaliza kichwa. Chokoa uchafu kwa sindano, chagua bisibisi nyota inayojaa kabisa, igonge mara moja au mbili ili ikae vizuri na kutu ishtuke, kisha elemea kwa uzito wa mwili huku ukizungusha kuelekea kushoto. Ikishindikana, kausha pipa, toboa kichwa kwa drili na keekee pana kidogo kuliko shina la skrubu hadi kichwa kitoke. Sahani ikishainuliwa, shina lililobaki hushikwa kwa koleo na kuzungushwa. Skrubu mpya iwe ya chuma cha pua, na uikaze kwa kiasi tu.