Muulize Maalim: Nataka kufungua kituo cha wazimamoto wa miavuli huku Konde, wazo lina maana?

SWALI

Assalamu alaykum Maalim. Mie ni kijana wa Konde, Kaskazini Pemba, natembeza wageni msitu wa Ngezi. Mwaka juzi nilipata mgeni mmoja mzee wa Kimarekani akanambia ujanani kazi yake ilikuwa kuruka na parachuti kutoka kwenye ndege kwenda kuzima moto wa msitu. Nilidhani ananifanyia mzaha. Aliporudi kwao akaniletea sanduku kwa mkono wa rafiki yake, ndani mna vazi lake la kurukia, kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, picha kama sitini hivi na daftari lake. Sasa sie watu watano, pamoja na dada yangu ambae ni fundi cherehani, tunataka kufungua kituo cha elimu, si biashara, watoto wa skuli waje wajifunze bure. Lakini watu wanatucheka, wanasema Pemba kuna msitu gani wa kurukiwa na ndege, na dada yangu ndo kabisa, anaambiwa hayo mambo ya wanaume. Maalim wazo lina maana? Na kama lina maana tusajili nini, tuanzie wapi, na pesa itoke wapi?
Kijana wa Ngezi

JAWABU

Waalaykumu salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nimemsomea mke wangu. Wazo lina maana, na nitakwambia kwa nini, lakini hao wanaokucheka usiwakasirikie kwa sababu suali lao ndo suali la kwanza atakalouliza kila mtu akiingia mlangoni kwako, kwa hiyo lazma uwe na jawabu yake.

Jawabu iko kwenye kazi yenyewe. Wale watu hawaruki kwa sifa. Moto wa msitu unaanza mdogo, radi imepiga mti mmoja huko mlimani hakuna barabara, na ukimngoja mtu aende kwa miguu siku mbili anakuta mlima mzima unawaka. Wamarekani walifanya majaribio 1939 huko Winthrop, jimbo la Washington, na tarehe 12 Julai 1940 wakaruka watu wawili wa mwanzo kwenye moto wa kweli, Rufus Robinson na Earl Cooley, msitu wa Nez Perce kule Idaho. Cooley kamba za mwavuli wake zilijisokota hewani akaishia juu ya mti, akashuka salama, moto wakaudhibiti. Warusi walikuwa wameshaanza kabla yao, katikati ya miaka ya 1930. Lengo ni kuuwahi moto ukiwa mdogo, basi.

Sasa njoo Pemba. Huku haruki mtu, kweli, lakini kaskazi ikikaza Januari na Februari, majani yamekauka, mtu anachoma shamba lake hakukata njia ya kuzuia moto, au mrina asali kaacha kijinga kinafuka, upepo ukageuka, nani anafika wa mwanzo? Ni jirani na tawi bichi mkononi, ni mama aliekuwa anarudi kisimani, na gari ya zimamoto hata ikija huko kwenye maweni haipiti. Hao ndo wanaouwahi moto kwetu na hakuna alieandika habari zao hata mstari mmoja. Kwa hiyo rai yangu, na hii ndo nakuomba uishike khasa: kituo chako kiwe na pande mbili, ukuta mmoja vazi la yule mzee na ukuta wa pili watu wa Konde, wa Makangale, wa Tondooni waliozima moto wa Ngezi na wa mashamba ya karibu. Ukifanya upande mmoja tu watoto watakuja mara moja kushangaa, basi hawarudi tena.

Anza na hilo kabla hujakwenda ofisi yoyote. Chukua simu yako uwarikodi wazee, uliuona moto lini, ulianzia wapi, upepo gani, mlifanyaje. Nakwambia haya na moyo unaniuma kwa sababu miaka ya nyuma mie nilikuwa katibu wa jumuiya moja, tulitaka kuhifadhi habari za mabaharia wa majahazi wa mtaani kwetu, tukatumia mwaka na nusu kuhangaikia kiwanja na jengo, na jengo lenyewe hatukulipata, na huku wazee wanne tuliokuwa tunawategemea wameshafariki. Habari zao zimekwenda nao, mpaka leo nikikumbuka nakosa raha.

La mafunzo sasa, hapa ndo pana utajiri mkubwa. Kuna tukio la Mann Gulch, Montana, tarehe 5 Agosti 1949. Waliruka watu 15, wakaungana na mmoja aliekuwa chini, moto ukavuka bonde ukaanza kuwapandia mlimani kwenye majani makavu, wao wanakimbia juu na moto nao unakuja juu, na moto ukipanda mlima unakwenda kasi kuliko uwanda wa sawa, kwa sababu ule wa chini unaikausha na kuipasha nyasi ya juu yake kabla haujaifikia. Walikufa 13. Kiongozi wao Wag Dodge alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifahamu, akawasha moto mwengine mbele yake, majani yakateketea, akalala kifudifudi kwenye jivu, moto mkubwa ulipofika haukuwa na cha kula pale ukampita. Wengine wawili walinusurika kwa kupenya kwenye ufa wa mwamba. Yakhe, Pemba yetu yote ni vilima na mabonde! Mtoto wa darasa la sita akiondoka kwako anajua kwamba hukimbii kupanda kilima na moto uko chini yako, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kituo. Lakini ile ya kuwasha moto mwengine waambie wazi wasijaribu, ile ni ya watu waliofunzwa na hata wao ni ya mwisho kabisa.

Na usiache habari ya Batalioni ya 555. Askari wa miavuli weusi watupu, 1945, wakati jeshi la Marekani bado linatenga weusi na weupe, wakapelekwa Oregon kwa sababu Wajapani walikuwa wanarusha maputo yenye mabomu yavuke bahari yachome misitu. Waliruka zaidi ya mara 1,200 kwenye mioto ya misitu. Mmoja wao, Malvin Brown, alikufa tarehe 6 Agosti 1945, aliangukia mtini akawa anajiteremsha akaanguka, na ndie mzimamoto wa mwavuli wa mwanzo kufa kazini. Watoto wetu wakiziona picha za wale vijana watajiona wenyewe mle.

Dada yako mwambie hivi. Wale watu karibu vitu vyao vyote wanashona wenyewe, mavazi, mabegi, mikanda, kila kituo kina vyerehani na mrukaji anafundishwa kukitumia, mwavuli ukichanika anautia kiraka mrukaji aliepasi mtihani wa kazi hiyo. Kwa hiyo fundi cherehani ndie mwenye kituo kuliko nyote nyie wanne. Na wanawake wamo. Deanne Shulman aliondolewa mafunzoni 1979 kwa kuwa uzito wake ulipungua ratili chache tu, akalalamika rasmi, akarudishwa, na 1981 akawa mwanamke wa mwanzo kuruka, kituo cha McCall, Idaho. Kipimo kimoja cha kazi ni kubeba kilo 50 mgongoni kilomita 5 kwa saa moja na nusu, na mie namjua mama wa Kojani mwenye dishi la samaki kichwani ambae singeshindana nae.

Somo la vitendo nalo mpe dada yako: kipande cha kanga kuukuu, nyuzi nne, jiwe dogo, watoto wapande ghorofani wakiangushe. Kwanza waangushe kitambaa chembamba cha utepe waone upepo unakipeleka wapi, maana ndo wanavofanya kwenye ndege, anaesimamia mlangoni anatupa tepe za karatasi anasoma upepo kabla hajaruhusu mtu kuruka.

Usajili. Kampuni hapana, ya nini, nyie hamugawani faida. Sajilini jumuiya isiyo ya kiserikali kwa Mrajis, muwe na katiba, muhtasari wa kikao cha mwanzo, majina ya wanachama, na msimpite sheha wenu wala ofisi ya wilaya. Kabla hamjaandika katiba nendeni PACSO hapo Chake, ndo mwamvuli wa jumuiya za Pemba, waulizeni fomu na ada za sasa, wao wanazijua. Kwenye katiba andikeni wazi kwamba jumuiya ikivunjika vitu vinakwenda wapi. Benki watia saini watatu na wawili wasiwe ndugu, na dada yako na wewe ni ndugu, kwa hiyo mmoja wenu tu. Ngezi ni hifadhi, ongeeni na watu wa Misitu mapema, na Kikosi cha Zimamoto waalikeni waje wafundishe wao wenyewe.

Tena muandikie yule mzee akupe barua yenye saini kwamba vitu amewapa jumuiya, si wewe binafsi, na muombe akueleze kila picha ni wapi na nani. Fanya wiki hii, mtu mzima yule.

Pesa sitakudanganya, mwanzo haitokuwepo. Lakini angalia Cave Junction, Oregon. Palikuwa na kituo cha warukaji tangu 1943, serikali ikakifunga 1981, waliokuwa wakiruka pale wakayanusuru majengo wakafanya makumbusho, na wanaowatembeza wageni ni watu wa kujitolea. Kituo hichohicho kijana mmoja aliruka 1953, Stuart Roosa, baadae 1971 akauzunguka mwezi na chombo cha Apollo 14, kwenye vitu vyake binafsi ana mbegu za miti mamia, ziliporudi zikapandwa. Waandikieni, kwa heshima, muwaombe picha na mafunzo na si pesa. Nyie ombeni chumba kimoja skuli, Jumamosi tu, na wageni wa Ngezi wakimaliza kutembea wapitisheni hapo, alietaka atie kitu kwenye kisanduku na muandike kila shilingi.

Mie nakuja Wete msimu wa karafuu ukimalizika inshaallah, nitapanda daladala nije Konde nilione hilo vazi. Usilitundike dirishani, jua litaliua rangi, na usilifue. Mwambie dada yako alifunge kwenye shuka safi ya pamba, na mkono mmoja uliochanika kwenye picha uliyonitumia asiushone mpaka mzee aseme ulichanika vipi.