Mfalme asiye na taji

SWALI: Mhariri, nachonga malakiti, lile jiwe la kijani, hapa Lubumbashi. Nimeona picha ya sanamu ya Jayavarman VII, mfalme wa Kambodia. Mbona hana taji wala mkufu?

JIBU: Ndugu yangu, hapo ndipo ninapompendea. Alitawazwa mwaka 1181, naye alikuwa mfuasi wa Ubuddha. Fundi akamchonga kwenye jiwe la mchanga akiwa katika tafakuri. Amekunja miguu, kichwa kimeinama kidogo, macho yanatazama chini, nywele zimefungwa fundo dogo. Kiwiliwili ni kinene, cha mtu mzima hasa. Fundi hakumpunguza hata kidogo! Mikono imevunjika, utulivu umebaki. Maandishi ya hekalu la Ta Prohm, ya mwaka 1186, yanataja hospitali 102 katika ufalme wake. Sanamu iko Makumbusho ya Taifa, Phnom Penh. Wewe mchongaji, anza kwa kuzichunguza kope.