Kidonda cha mdomoni kisichouma ndicho cha kuwahi hospitali

Wengi hupima ugonjwa wa kinywa kwa maumivu: pakiuma wanakwenda, pasipouma wanaacha. Kipimo hicho hupotosha. Vile vidonda vidogo vya duara, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, huuma hata chungwa halilikiki, lakini vingi hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Kwa hiyo hesabu siku. Wiki 2 zikipita na kidonda hakijafunga, mwone daktari wa kinywa na meno. Kusiwe na kidonda kinachovuka wiki 3 bila kuchunguzwa, hata kama hakikusumbui.

Kujikagua ni dakika chache. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, meno ya bandia yakiwa yametolewa. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi kikavu, uvute upande mmoja mpaka uone ukingo wake hadi karibu na magego, kisha upande wa pili. Gusisha ulimi kwenye kaakaa utazame chini yake. Kingo za ulimi na sehemu ya chini yake ndiko saratani hupenda kuanzia, na ndiko watu wasikotazama. Halafu papasa kwa kidole kilichonawishwa: kidonda kigumu chenye kingo zilizoinuka hakingoji wiki 2, na vivyo hivyo uvimbe mgumu shingoni usiouma.

Kama jino lililovunjika ndilo linalochubua ulimi, lisawazishwe kwanza, kidonda kipewe wiki 2. Kisipopona, daktari atakata kinyama kidogo kwa ganzi kikapimwe maabara. Hofu kwamba kukata kinyama huisambaza saratani imewachelewesha wagonjwa wengi, na si kweli.

Utando mweupe jaribu kuufuta kwa shashi. Ukitoka na kuacha wekundu, huenda ni fangasi. Dawa ya maji ya nistatini huzungushwa mdomoni mara 4 kwa siku, na huendelezwa siku 2 baada ya dalili kuisha. Mtu mzima anayepata fangasi bila sababu inayojulikana apime sukari na VVU. Anayevuta dawa ya pumu ya steroidi asukutue kila anapomaliza. Utando usiofutika ni wa kupeleka kwa daktari, hasa kwa mvutaji sigara au mtumiaji wa ugoro na kuberi. Watafuna tambuu yenye popoo wajipime hivi: vidole 3 vyako mwenyewe, vimepangwa wima, viingie kati ya meno ya mbele. Visipoingia, huenda mashavu yameanza kukakamaa, na ukakamavu huo unaweza kuzaa saratani.

Jino lililooza lina kosa lake maarufu: kununua antibayotiki duka la dawa kila linapouma. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, hivyo dawa haifiki kwenye chanzo. Uvimbe hupungua, kisha hurudi. Jino hutibiwa mzizi au hung'olewa. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mdomo ukagoma kufunguka, mate yakashindwa kumezeka, ulimi ukainuka au pumzi ikabana, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Usisubiri kliniki ya asubuhi, kwa sababu njia ya hewa inaweza kuziba.

Kwa watoto, taya linalovimba haraka huku magego yakilegea kabla ya wakati wake linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Hukua kwa kasi mno, lakini hupokea vizuri dawa za saratani ikiwahiwa. Kung'oa yale magego hakusaidii, hula muda tu. Na tafadhali, mtoto mchanga mwenye homa na kuhara asipelekwe kukwanguliwa "meno ya plastiki". Kile cheupe kwenye fizi ni chipukizi la jino lake halisi; homa na kuhara vitibiwe kituo cha afya.

Siku ya kwenda kwa daktari, andika tarehe kidonda kilipoanza na dawa zote ulizotumia. Usipake GV, ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, kabla ya kwenda: rangi yake hufunika ile ya kidonda, na rangi ni mojawapo ya vitu anavyotaka kuviona.