Uwezo wa Mgonjwa Kuamua: Ushauri kwa Wauguzi Wanaoanza Kazi Katika Wodi za Afya ya Akili

Muuguzi mgeni katika wodi ya afya ya akili anapaswa kushika mapema kwamba uwezo wa kufanya maamuzi hupimwa kwa uamuzi mmoja mahususi na kwa wakati wake, na kwamba jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye faili halitoshi kuthibitisha kwamba mgonjwa hana uwezo huo. Mgonjwa asiyeweza kusimamia fedha zake anaweza kuwa na uwezo kamili wa kukubali au kukataa sindano, na yule aliyevurugwa usiku na homa au sukari iliyoshuka anaweza kuamua vizuri kabisa kulipokucha. Daktari humwona kwa dakika chache anapopita wodini, ilhali sisi tuko naye zamu nzima. Ndiyo maana maelezo ya muuguzi huwa na uzito mkubwa pale swali la uwezo linapozuka.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaoanza ni kesi iliyoamuliwa England mwaka 1993, ya mgonjwa aliyetajwa mahakamani kwa herufi C tu. Alikuwa na umri wa miaka 68, ana skizofrenia, amezuiliwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi mkali, na aliamini kwamba aliwahi kuwa daktari mashuhuri. Mguu wake ulipoanza kuoza kwa kukosa damu, daktari wa upasuaji alikadiria kwamba asipokatwa, nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 15. Alikataa kukatwa, ingawa alikubali matibabu mengine, na mahakama ikamwunga mkono: alielewa maelezo aliyopewa, aliyaamini na aliyapima kabla ya kuamua. Kuwa na imani zisizo za kweli kuhusu maisha yake hakukumaanisha kwamba hakuelewa hatari iliyoukabili mguu wake.

Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005, inayotumika England na Wales, inamchukulia kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi kuwa na uwezo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa uwezo. Maswali yake ni manne: je, mgonjwa anaelewa maelezo, anaweza kuyakumbuka kwa muda unaotosha kuamua, anaweza kuyapima, na anaweza kuueleza uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kukonyeza jicho? Hata kama sheria ya nchi yako imeandikwa kwa namna nyingine, maswali hayo yatakusaidia kando ya kitanda.

Usimwulize mgonjwa kama ameelewa, kwa sababu karibu kila mtu atajibu ndiyo ili mazungumzo yaishe. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe dawa ni ya nini na anadhani nini kitatokea asipoinywa, kisha andika jibu lake kama alivyolitoa. Maandishi yanayosema tu kwamba mgonjwa hana uwezo hayamsaidii mtu yeyote. Yanayosaidia ni kama haya: "Saa 4:20 asubuhi. Ameelezwa kuhusu kupima damu kwa sababu ya lithiamu. Amesema, 'Mnataka kuona kama dawa imezidi mwilini.' Amekataa leo, ameomba tumwulize tena jioni." Mgonjwa huyo ana uwezo, na hatua inayofuata ni kurudi jioni kama alivyoomba.

Nimeona pia kwamba uwezo wa mgonjwa hutiliwa shaka siku anapokataa, lakini alipokuwa akikubali kila kitu hakuna aliyeuliza. Mgonjwa mpole anayenyoosha mkono kila anapoona sindano anahitaji kuulizwa maswali yaleyale.

Kulazwa bila hiari nako hueleweka vibaya. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 ya England na Wales inaruhusu, kwa masharti, kumtibu aliyezuiliwa bila ridhaa yake, lakini kwa ugonjwa wa akili. Haimpi mtu ruhusa ya kumfanyia upasuaji wa ngiri kwa sababu tu mlango wa wodi umefungwa. Sheria hiyohiyo inamruhusu muuguzi wa afya ya akili aliyesajiliwa kumzuia mgonjwa wa ndani asiondoke, kwa muda usiozidi saa 6, huku akisubiri daktari. Mamlaka kama hayo, yawe makubwa au madogo, yajue kwa kifungu chake kabla ya zamu yako ya kwanza ya usiku.

Kuhusu ndugu nitasema kwa ufupi: wasikilizeni, kwa kuwa wanamjua mgonjwa kuliko ninyi, lakini saini yao haichukui nafasi ya ridhaa ya mgonjwa mwenye uwezo.

Suala ninalolionea hofu zaidi ni kuficha dawa ndani ya chakula. Kwa mgonjwa mwenye uwezo, huo ni udanganyifu. Kwa asiye na uwezo, lazima uwe uamuzi wa timu nzima, umeandikwa na una tarehe ya kupitiwa upya, na mfamasia awe ameulizwa kwanza, kwa sababu vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole vikisagwa humwaga kipimo chote mwilini kwa mara moja. Muuguzi akiagizwa kwa mdomo tu, ana haki ya kutoitoa mpaka agizo liandikwe.