Hekima ya Mithali ianzie kwenye kopo la kupimia

Bwana asifiwe, mpendwa mleta mada. Umesema unasoma Mithali kila asubuhi, sura moja kwa siku, lakini ukifika kazini huoni tofauti. Bosi wako anakufokea mbele ya wateja, na shemeji yako anakubana umdhamini benki, mkopo wa bodaboda. Umeuliza uanzie wapi. Mimi nauza mchele na maharage hapa Tanga, Ngamiani, kwa hiyo nakujibu kama mfanyabiashara mdogo, mchungaji atakuja na yake.

Sura moja kwa siku ni utaratibu mzuri, maana kitabu kina sura 31 na kinaenda na mwezi. Shida ni kwamba kuanzia sura ya 10 karibu kila mstari una jambo lake. Ukimeza mistari thelathini huku unawahi daladala, jioni hukumbuki hata mmoja. Shika mmoja, na uwe unaogusa kitu unachokishika kwa mikono kila siku.

Wangu ni Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Aliyewahi kukaa sokoni analijua kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani. Ukiliangalia juu limejaa hadi kilele, kumbe chini kuna kilima na mteja ameshaliwa robo yake. Mizani nayo inaweza kuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo na bado mkono wa muuzaji ukaiegemea. Sasa mtu huyohuyo akienda shambani kununua, anadai lumbesa, gunia lishonewe kichwa juu, wakati sheria inataka lisizidi kilo 100. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza hilihili, kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Na Amosi 8 inawasema waliotamani sabato iishe haraka wakauze ngano kwa kipimo pungufu. Hao walikuwa watu wa ibada, ndiyo maana mimi sura ile hunitisha.

Kopo langu kitako chake kiko sawa, na lina gharama. Bei yangu inaonekana juu kuliko ya jirani, na wapo wanaopita bila hata kusalimia. Mwezi wa Ramadhani alikuja bibi mmoja, Muislamu, anatafuta maharage. Akatoa kopo lake mwenyewe kwenye kikapu, akamimina humo niliyompimia, akasawazisha juu kwa kiganja, akatazama. Halafu akasema, "Haya mwanangu, Mungu akuzidishie." Siku hizi anamtuma mjukuu wa darasa la pili na hela mkononi, haji kukagua. Mji wetu huu tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta. Wengi wao Biblia yetu hawataifungua, lakini kopo letu wanaliona.

Wabeba mizigo nawalipa gunia likishatua chini. Mithali 3:28 imeshasema usimwambie jirani "kesho uje tena" nawe unacho. Hapo hapahitaji maelezo.

Tuje kwa shemeji, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mithali inarudia suala la udhamini sehemu nyingi: 6:1-5, 11:15, 17:18, 22:26-27. Hiyo ya mwisho inauliza kwa nini uondolewe kitanda unacholalia kwa deni la mwingine. Lakini kitabu hichohicho, 19:17, kinasema amhurumiaye maskini humkopesha BWANA. Ukiyaweka pamoja, mimi naelewa hivi: saidia kwa kile ulicho nacho leo, usiweke rehani cha kesho ambacho ni cha watoto wako. Mimi yalinikuta kwenye kikoba. Nilikaa kwanza na mke wangu, tukakubaliana kiasi, ndipo nikamwita kaka yake. "Shemeji, sahihi yangu siweki. Ila hii laki moja ni yako, usinirudishie." Alinuna, tena sana, na pale nyumbani palikuwa pazito kwa muda. Baadaye mambo yakatulia. Kwako nasisitiza: mkeo awepo ukilisema, maana ni ndugu yake, na asilisikie kwa mama mkwe.

Kuhusu bosi, wengi watakuandikia 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira," na ni kweli. Ila soma na 26:4-5. Mstari wa nne unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, wa tano unasema mjibu. Imewekwa jirani makusudi, nadhani, ili tusitafute kanuni moja ya kila siku. Kuna saa ya kunyamaza na saa ya kusema, na kuijua saa hiyo ndiko Yakobo 1:5 anakosema tuombe, kwamba Mungu huwapa wote kwa ukarimu wala hakemei. Sala hiyo nimeisali nikiwa nimesimama nyuma ya magunia, mteja ananitukania mama yangu.

Mbele ya wateja usijibizane naye. Mkishafunga hesabu, mfuate peke yake, mwambie kwa adabu ni neno lipi lilikuumiza na lilisemwa mbele ya nani. Usichanganye na ya mwaka jana, wala usimtupie mstari wa Biblia, atajiona anahubiriwa. Akikuuliza wewe umekosea wapi, uwe na jibu.

Anza na la shemeji, hilo lina tarehe ya benki. Ukishaongea naye rudi utueleze amelipokeaje.