Kabla hujailaumu swichi, pima mashine yako

Wadogo zangu mnaoanza kazi za mtandao hapa Dar, jenereta ya pakiti (programu inayotuma vipande vya data kwa wingi ili kupima kasi) huonekana kazi nyepesi: unaiambia itume, inatuma, namba inatoka. Lakini namba ile ni ya njia nzima, kuanzia kompyuta yako, kadi ya mtandao na kebo, mpaka kifaa unachokipima. Kitu chochote kibovu njiani kinaweza kuipotosha.

Kwa hiyo anza na waya mtupu: mashine mbili, kebo moja katikati, swichi (kile kifaa kinachounganisha mashine za mtandao) weka pembeni. Namba utakayoipata hapo iandike daftarini. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alihangaika siku nzima na swichi mpya ya gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde) iliyogoma kuvuka megabiti 95 hivi. Tulipoitoa swichi, namba ikabaki ileile. Tukaiuliza kadi kwa ethtool, amri ya Linux inayoonyesha kasi ya kadi, ikajibu megabiti 100. Ilikuwa adapta ya USB aliyonunua Kariakoo, imeandikwa gigabiti juu ya boksi. Kebo nayo iangalie, kwa sababu gigabiti inataka jozi zote nne za nyaya. Ukikatika uzi mmoja, kasi inaweza kushuka hadi 100 bila kukuaga. Na ukitumia iperf3, programu ya kupima kasi, kwa UDP (utumaji usiosubiri majibu), taja kasi unayoitaka, maana usipotaja inatuma megabiti 1 tu kwa sekunde. Wageni wengi wamewahi kuandika ripoti ya "laini mbovu" kwa sababu hiyo.

Sasa hesabu, na hapa naomba mtulie. Ukisema "gigabiti moja" bila kutaja ukubwa wa fremu, yaani kifurushi kinachobeba pakiti kwenye waya, bado hujasema kitu. Fremu ndogo kabisa ya Etheneti ina baiti 64. Waya unaongeza baiti 8 za utangulizi na nafasi ya baiti 12 kati ya fremu na fremu. Jumla 84, yaani biti 672. Gawanya bilioni moja kwa 672, unapata fremu 1,488,095 kila sekunde. Kwa fremu za baiti 1518, gigabiti ileile inabeba 81,274 tu. Ruta au faiawali (kifaa cha ulinzi wa mtandao) inaamua juu ya kila pakiti, iwe nene au nyembamba. Ni kama geti la kivuko cha Kigamboni: mkagua tiketi hapimi kilo, anahesabu vichwa. Ndiyo maana kifaa kinachopita vizuri kwa 1518 kinaweza kuanguka kwa 64, na ndiyo maana RFC 2544, mwongozo wa mwaka 1999 wa kupima vifaa vya mtandao, inataka upime kwa 64, 128, 256, 512, 1024, 1280 na 1518. Kwenye pktgen, jenereta ya pakiti iliyo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux, ukitaka fremu ya 64 andika 60. Baiti 4 za mwisho za ukaguzi zinaongezwa na kadi yenyewe.

La mwisho lilinifundisha kwa uchungu. Nilikuwa napima kwenye ofisi moja maeneo ya Posta, swichi ikiwa imeunganishwa na mtandao wa wafanyakazi. Mashine ya kupokea nilikuwa nimeifanya isikilize tu, haina anwani ya IP, haijibu chochote. Count ya pktgen, yaani idadi ya pakiti za kutuma, niliiweka 0: tuma bila kikomo. Dakika kama tano za kwanza kila kitu shwari. Ghafla taa za poti zote zikaanza kuwaka kwa pamoja, na simu za mezani zikakata ghorofa nzima. Swichi ilikuwa imeisahau anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya ile mashine iliyonyamaza, na ikishasahau, inamwaga pakiti kwenye kila poti. Poti za simu zilikuwa za 100, mimi namimina gigabiti. Watu walikuwa katikati ya mazungumzo na wateja wao, na mimi ndiye niliyewakatia.

Tangu siku ile napima kwenye swichi iliyotengwa, nikitumia anwani za 198.18.0.0/15 zilizotengwa rasmi kwa vipimo. Count naipa idadi ya pakiti inayotosha dakika moja ya kutuma. Na mashine ya kupokea naiagiza irushe pakiti moja kila nusu dakika, ili swichi iendelee kukumbuka iko poti gani.